Uadilifu baina ya Watoto katika Kusomeshwa

 

Katika fiqhi umo mlango wa hiba, nao husomwa kwa haraka kwa kudhaniwa kuwa hauhusu ila mashamba na nyumba. Ndani yake mna kisa cha sahaba Bashir bin Saad, aliyempa mwanawe Nuuman zawadi, kisha akamwendea Mtume (s.a.w.) ili amshuhudilie. Mtume akamuuliza iwapo watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, Mtume akakataa kuishuhudilia.

Na aangaliwe mtu anayefanya kazi Maskati au Dubai, apelekaye fedha Pemba kila muhula. Kwa mtoto wa kiume hupeleka ada, nauli, vitabu na masomo ya ziada. Dada yake, aliyemshinda katika mtihani, hutolewa skuli kidato cha pili akamtazame bibi yake. Baba akiulizwa hujibu kuwa mwanamme ndiye atakayebeba nyumba. Huku ni kufadhilisha mtoto juu ya mtoto, hata kama hapana hati iliyoandikwa.

Husemwa: je, mwanamme hana fungu la wanawake wawili? Hoja hii imekosea mlango. Mafungu yale ni ya mirathi, na mirathi huja baada ya mauti. Baba huyu angali hai. Ni kweli kwamba baadhi ya wanavyuoni wamesema hiba igawanywe kwa kipimo cha mirathi, lakini hata kwa kauli yao binti hupata nusu ya alichopata kaka yake. Hapa hakupata kitu.

Wengine husema kusomesha ni nafaka, si hiba, na nafaka hufuata haja: mtoto mgonjwa hutibiwa kwa fedha nyingi na mzima asidai mfano wake. Hili ni sahihi. Basi na iulizwe haja. Binti naye ataswali, atafunga, atauza na kununua, atalea, na huenda akafiwa na mume akiwa na watoto wadogo. Kutaka elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na Imamu Jabir bin Zaid, aliye asili ya madhehebu yetu, hakuona haya kumwendea Bibi Aisha na kumuuliza hata mambo ya ndani ya nyumba ya Mtume, naye akamjibu.

Oman yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3 za serikali, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Zanzibar serikali ilikwishafungua skuli ya wasichana mwaka 1927. Kwa hiyo familia zilipohamia Oman baada ya 1970, mabinti zao waliosoma walikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kushika kazi za maofisini na maskulini. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa mwaka 1986, kilipokea wanaume na wanawake. Kinyume chake ni Afghanistan, ambako wasichana walizuiwa skuli za sekondari mwaka 2021, na vyuo vikuu Disemba 2022. UNESCO ilihesabu mwaka 2024 kuwa waliokoseshwa sekondari hawapungui milioni 1.4. Anayeinasibisha amri ile na Sharia na alete dalili.

Ama khofu ya njia ndefu, au skuli isiyo na vyoo vya wasichana, huo ni udhuru wa kweli, wala asidharauliwe mzazi anayeutaja. Lakini udhuru huondolewa: kwa gari la kukodi la watoto wa mtaa, kwa dakhalia yenye msimamizi wa kike, kwa kuchimba vyoo. Na binti akiposwa naye angali masomoni, walii aweke sharti ndani ya akdi kwamba ataendelea kusoma, liandikwe na washuhudie mashahidi.

Aliyekwisha kupendelea hana njia ya kuirejesha ada iliyokwisha kulipwa. Inayobaki ni kumpa binti mfano wake. Ikiwa umri wa skuli umempita, alipiwe masomo ya jioni, au chuo cha ualimu, au ufundi autakao mwenyewe. Na afanyiwe hayo baba akiwa hai, kwani akifa kabla ya kusawazisha wanavyuoni wamekhitalifiana, na wengi wao wamesema aliyepewa haondolewi alichopewa.