Kundi Dogo na Mwendo wa Pole
Somo juu ya matumizi ya mtandao, kwa wainjilisti, walimu na viongozi wa jumuiya

Yasomwe kwanza: Kutoka 18:13–27, Marko 6:30–44, Matendo ya Mitume 17:16–34.

Katika somo hili twataka kutafakari jambo lililoingia karibu katika nyumba zetu zote, nalo ni simu ya mkononi pamoja na mikutano iliyomo ndani yake. Hatuandiki ili kuilaani. Kwa simu mama hupata habari za mwanawe aliye mbali, mwinjilisti huwaita wazee kikaoni bila kutembea kutwa, na Neno la Mungu husomwa hata na mtu asiye na kitabu. Hayo ni mema, na yatupasa kushukuru. Walakini chombo chema kisipotawaliwa hugeuka kuwa bwana. Basi tuulize: Mkristo aliyeamriwa kumpenda jirani yake, na akae katika mkutano gani huko mtandaoni, na kwa mwendo gani? Jibu letu ni kwamba kundi dogo lafaa kuliko kubwa, na mwendo wa pole kuliko mbio. Sababu zake ni hizi.

1. Mkutano usio na mwisho

Kwanza imetupasa kufahamu jinsi chombo hiki kilivyoundwa. Mtandao wa Facebook ulianza mwaka 2004, na Twitter mwaka 2006. Katika siku zile ukurasa ulikuwa na mwisho wake. Msomaji alipofika chini alibonyeza ili aletewe mwingine, na hapo alipata nafasi ndogo ya kujiuliza, Je, imetosha? Mwaka 2006 fundi wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usiokoma: kila kidole kinapopandisha maandishi, mengine huja yenyewe kutoka chini. Baadaye yeye mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba anaijutia kazi ile, maana aliona jinsi watu walivyopoteza saa zao.

Tena, hapo kwanza habari zilipangwa kwa kufuata saa zilipoandikwa. Mwaka 2016 Instagram ilianza kuuacha utaratibu huo, ikatanguliza yale ambayo hesabu za mashine zinadhani yatamvuta msomaji. Sababu yake ni biashara. Wenye mitandao hii mikubwa hulipwa na watangazaji. Jicho likikaa, fedha huingia. Ndiyo maana ugomvi, aibu ya mtu na habari za kutisha hupata kiti cha mbele, kwa kuwa hayo hulishika jicho upesi. Msomaji adhani anachagua, kumbe anachaguliwa.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Luka atueleza habari za watu wa Athene, ya kuwa wenyeji na wageni pia waliitumia nafasi yao yote kwa kusimulia na kusikia mambo mapya. Nao Paulo alipowahubiri ufufuo, wengine walimdhihaki, na wengine walisema watamsikiliza siku nyingine. Angalieni neno hilo: waliokuwa na nafasi kwa kila habari mpya hawakuwa na nafasi kwa Habari Njema. Ni wachache tu, kama Dionisio na mwanamke aitwaye Damari, walioambatana naye wakaamini. Kusikia mengi na kusikia vema ni mambo mawili mbalimbali.

2. Bwana wetu na makutano

Sasa tutazame Marko 6. Mitume wamerudi kutoka safari yao ya kuhubiri, nao wana mengi ya kumweleza Bwana. Lakini watu wanakuja na kwenda, hata hawapati nafasi ya kula. Hapo Yesu hakuwaambia waongeze bidii. Aliwaita waende pamoja naye mahali pasipo na watu, wapumzike kidogo. Kazi yao ilikuwa njema, na watu wale walikuwa na haja ya kweli. Hata hivyo Bwana aliona kwamba mtu asiyepata nafasi ya kula hawezi kuwalisha wengine.

Pengine mtu atasema, Lakini makutano yaliwafuata, naye Yesu akawahurumia. Ndivyo. Yesu hakuyakimbia makutano kwa kuyachukia. Lakini tazameni alivyowahudumia. Kabla ya kuumega mkate aliamuru wakae chini juu ya majani, nao wakakaa makundi makundi, haya ya watu mia, haya ya hamsini. Wanaume walikuwa elfu tano. Kama wangalibaki wamesongamana, mkate ungaliwafikia wenye nguvu walio mbele, na mtoto na mzee wangalirudi na njaa. Kwanza waliketishwa, kisha wakagawanywa, ndipo wakalishwa. Hapa twaona mambo mawili tunayoyatafuta: kukaa chini ni mwendo wa pole, na kundi la hamsini ni kundi dogo.

Shauri lilo hilo alilitoa Yethro, mkwewe Musa. Alipomwona Musa akiamua maneno ya watu tangu asubuhi hata jioni, na watu wamesimama wakimzunguka, alimwambia ya kuwa atachoka yeye na watu wake pia. Si kiongozi peke yake anayeumizwa na msongamano. Na mkutano wenyewe huumia. Basi Yethro akashauri wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mtu mwenye neno zito alipata sikio karibu na hema yake.

Na kanisa la kwanza je? Kabla ya Pentekoste ndugu walikuwa wapata 120. Siku ile waliongezeka watu wapata 3,000. Lakini twasoma kwamba waliendelea kuumega mkate nyumba kwa nyumba. Kundi lilikuwa kubwa, meza zikabaki ndogo. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, alikadiria kwamba mtu mmoja aweza kudumisha urafiki na ujuano wa kweli na watu wapata 150. Wataalamu wengine wanaibishia hesabu hiyo, lakini kila mchungaji ajua ya kuwa moyo wa mwanadamu una mipaka. Mungu peke yake ndiye awezaye kuwajua wote kwa majina.

3. Mifano ya waliotutangulia

Katika kanisa letu la Kilutheri shauri hili ni la zamani. Mwaka 1526 Martin Luther, katika dibaji ya kitabu chake cha ibada ya Kijerumani, alitamani kwamba wale wanaotaka kwa dhati kuwa Wakristo wakutane katika nyumba, wasali, wasome na kutenda matendo mema. Ila alisema kwamba hakuwa bado na watu wa kufanya hivyo. Mwaka 1670 mchungaji Philipp Jakob Spener alianza kuwakusanya watu nyumbani mwake katika mji wa Frankfurt ili wajenge imani yao pamoja, na mwaka 1675 alichapisha maandiko yake yaitwayo Pia Desideria, akishauri njia hiyo kwa makanisa.

Huku kwetu, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi huko Old Moshi, aliona kwamba Injili haiwapati watu kama chembe za mchanga zilizotawanyika. Huwapata wakiwa katika vifungo vya ukoo, ujirani na rika, naye akataka maisha ya usharika yajengwe juu ya vifungo hivyo. Jumuiya zetu za leo, zinazokutana nyumba kwa nyumba, zinatukumbusha hekima iyo hiyo.

Lakini tusifiche hatari yake. Katika Frankfurt ile ile, wengine waliokutana na Spener walijiona bora kuliko wenzao, mwisho wakajitenga na kanisa. Kundi dogo laweza kuwa pango la majivuno au la masengenyo. Kwa hiyo kundi dogo la Kikristo ni lile ambalo mlango wake u wazi, nalo hupeleka watu wake Jumapili kwenye meza moja ya Bwana pamoja na wote.

4. Yatupasayo kutenda

Pengine mtu atauliza, Je, mtandaoni kwenyewe yawezekana kwenda pole? Yawezekana. Mwaka 2018 huko India uvumi juu ya wezi wa watoto ulienea kwa simu, na watu wasio na hatia wakapigwa hata kufa. Baada ya hayo wenye WhatsApp waliweka mpaka, na mwezi wa Aprili 2020 wakaamuru kwamba ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utumwe kwa kundi moja tu kwa mara moja. Wao wenyewe walitangaza kwamba usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Watu hawakuzibwa kinywa. Waliongezewa kazi ndogo tu, na kazi ile ndogo ikaupunguza uvumi. Tena mwaka 2016 Mjerumani Eugen Rochko alianzisha Mastodon, mtandao usio na soko moja kubwa, bali nyumba nyingi ndogo, kila moja na kanuni zake, na habari hufuatana kwa saa zilipoandikwa, bila matangazo ya biashara. Mwaka 2022, Twitter ilipouzwa, wengi walihamia huko. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Mafundi nao wamefika pale pale.

Sasa tutazame usharika. Tuseme mjane mmoja ameugua, na habari zake zimetangazwa katika kundi la simu la watu 400. Mara zinakuja «Amina» 60 na picha za mikono iliyokunjwa. Siku ya tatu mjane hajaona mtu mlangoni pake, maana kila mmoja alidhani mwingine amekwenda. Watu hao si waovu. Wamesongamana tu, kama wale elfu tano kabla ya kuketishwa. Habari iyo hiyo ikipelekwa kwa nyumba kumi za jumuiya yake, mmoja atauliza, Nani anakwenda leo? na aliyenyamaza atajulikana kwamba amenyamaza. Hapo ndipo upendo hupata miguu.

Kwa hiyo twashauri haya:

Kwanza, kundi la simu la usharika mzima liwe la matangazo, nao waandike wachache waliowekwa. Mazungumzo na haja za maombi yawe katika kundi la jumuiya.

Pili, kila ombi la maombi lipate jina la mtu atakayekwenda, na siku yake. Ombi lisilo na mwendaji lisihesabiwe kwamba limejibiwa.

Tatu, tusisambaze neno tusilojua mwanzo wake. Amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo, hufika hata kwenye kidole.

Nne, mtu ajiwekee saa za kufungua mitandao, kwa mfano mara mbili kwa siku, naye ajiwekee mwisho kabla hajaanza, kwa kuwa ukurasa wenyewe hautampa mwisho. Simu isikae mezani wakati wa chakula wala kitandani wakati wa kulala. Neno la Mungu lisomwe kabla ya habari za ulimwengu.

Tano, mtu ayatazame makundi yote aliyomo, akajiulize: Humu ninajulikana na nani? Nikiumwa, nani atajua? Kundi ambalo halina jibu, aweza kuliaga kwa adabu.

Hatusemi kwamba hakuna hasara. Atakayepunguza atachelewa kupata habari fulani. Aliyezoea kusifiwa na watu 500 ataona kimya, na kimya hicho kitamwuma siku za kwanza. Kwa sisi watumishi jaribu hili ni kubwa zaidi, maana twaweza kujidanganya kwamba kuonekana na wengi ndiko kuhubiri. Walakini Bwana wetu alikuwa na makutano, akawafundisha kumi na wawili. Na kwa hao Injili imetufikia sisi. Mwinjilisti na aanze mwenyewe, ndipo usharika utamfuata.

5. Maswali ya kujibiwa katika kundi

1. Kwa nini Yesu aliwaketisha watu makundi makundi kabla ya kuwalisha?
2. Yethro alisema msongamano humchosha nani? Twaona nini kama hicho kwetu?
3. Watu wa Athene walikosa nini, ingawa walisikia mengi?
4. Kundi dogo laweza kuharibika kwa njia gani, nasi tujilindeje?
5. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyetangazwa kwenye simu mwezi huu na hajatembelewa bado? Nani atakwenda, na lini?

Swali la tano msiliache bila jibu. Kikao kisifungwe kabla jina na siku havijaandikwa. Naye Bwana, aliyewaketisha wenye njaa juu ya majani akawashibisha wote, atuketishe na sisi, atupe kujuana na kutunzana kwa ajili ya jina lake. Amina.