Namna ya Kufuatilia Vitundu vya Udongo Mweusi Unapokauka

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Mwea au wa mabonde ya Usukumani, hunata miguuni wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Wengi hudhani kwamba maji yakitoka tu, hewa huingia mahali pake. Sivyo. Kwa muda mrefu vitundu hunywea kadiri maji yanavyotoka, huku vyenyewe vikiwa bado vimejaa. Jambo hilo hupimika kwa mzani wa jikoni unaosoma gramu mojamoja, rula na pini.

Hatua ya 1. Chimba udongo ukiwa na unyevu. Chonga kwa kisu tofali la sentimita 12 kwa 6 kwa 4, bila kulibonyeza. Udongo mwingine ukande kwa maji hadi ulainike, ufanye tofali la pili la vipimo hivyohivyo. Kukanda huziba njia za mizizi na minyoo, na ndiyo maana unahitaji yote mawili.

Hatua ya 2. Choma pini mbili katika kila tofali, zikiachana milimita 100. Pima uzito.

Hatua ya 3. Anika kivulini, juu ya plastiki iliyopakwa mafuta. Jua kali hukausha nje kabla ya ndani; tofali likipasuka, anza upya. Geuza asubuhi na jioni, ukiandika uzito na umbali wa pini.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye utamu. Ujazo wa mwanzo ni sentimita za ujazo 288. Pini zikifika milimita 98, zidisha 288 kwa 0.98 mara tatu: utapata 271, yaani zimepungua 17. Kama uzito nao umepungua gramu 17 hivi, vitundu bado vimejaa maji. Kama umepungua gramu 30, hewa imeshika nafasi ya sentimita za ujazo 13.

Katika tofali la kuchonga, gramu za mwanzo huweza kutoka pini zikiwa karibu palepale, kwa kuwa matundu makubwa ndiyo yanayomwaga maji kwanza. Lile lililokandwa huanza kunywea mara moja: maji yaliyobaki huvuta vibamba vyembamba vya madini vikaribiane. Vibamba vikishakabana, haviwezi kusogea zaidi. Hewa huingia, na rangi hufifia.

Hatua ya 5. Maliza kwa oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi hadi uzito usibadilike. Pini zikiishia milimita 90, ujazo umepungua asilimia 27. Udongo mwekundu wenye kaolinaiti kwa kawaida haunywei kiasi hicho.

Shambani upungufu huo huonekana kama nyufa na ardhi kushuka. Kwa hiyo mwagilia kabla nyufa hazijapanuka. Ukichelewa, maji ya kwanza hutumbukia chini kupita mizizi.