Kabla kliniki ya meno haijahamia mfumo mpya

Muuzaji wa mfumo wa kliniki anapokuja kuonyesha bidhaa yake, hufungua ukurasa wa mgonjwa wa mfano ambaye kila kitu chake kimejazwa vizuri: jina, miadi, chati ya meno, bima, malipo ya simu. Wagonjwa wako hawako hivyo. Taarifa zao zimeandikwa kwa miaka mingi na watu mbalimbali, kila mmoja kwa vifupisho vyake, na nyingine bado ziko kwenye majalada ya karatasi. Kubadilisha mfumo ni kuhamisha taarifa hizo bila kumwumiza mtu, na huko ndiko muda na fedha zako zinakopaswa kwenda kwanza.

Anza na mzio. Mara nyingi habari kwamba mgonjwa anadhurika na penisilini haikuwekwa mahali pake maalumu. Iliandikwa katikati ya maelezo ya daktari, labda "amoksilini ilimtoa vipele", kisha yakafuata mambo ya jino lililozibwa. Fundi anayehamisha data hubeba maelezo hayo jinsi yalivyo, na katika mfumo mpya sehemu ya mzio inabaki tupu. Daktari mwenye foleni ndefu akiiona tupu ataamini hakuna tatizo. Hatari ni hiyohiyo kwa mgonjwa anayetumia warfarin, ambaye anaweza kuvuja damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino, na kwa mwenye kisukari, mwenye presha au mjamzito. Kompyuta haiwezi kuaminiwa kwa kazi hii. Daktari au muuguzi asome maelezo ya wagonjwa wanaohudhuria na kujaza sehemu hizo kwa mkono. Kisha, kwa miezi ya mwanzo, kila mgonjwa aulizwe upya, tena ndani ya chumba cha matibabu na si mapokezi mbele ya watu: "Shikamoo mama. Tumebadilisha mfumo, tunahakiki taarifa za kila mgonjwa. Kuna dawa yoyote inayokudhuru? Na kwa sasa unatumia dawa gani?"

Jambo la pili ni namba za meno, na hapa naomba mwenye kliniki asome polepole. Madaktari wetu wamezoea namba za tarakimu mbili za Shirikisho la Meno Duniani, FDI. Tarakimu ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili nafasi ya jino kutoka katikati. Kwa hesabu hiyo, jino la 18 ni gego la mwisho la juu, upande wa kulia. Marekani wanahesabu mfululizo kuanzia 1 hadi 32, na kwao 18 ni gego la pili la chini, upande wa kushoto. Ukinunua programu iliyotengenezwa huko, uliza mapema imewekwa kwenye hesabu ipi na nani atabadilisha mpangilio huo. Meno ya watoto hayatakusumbua sana, kwa sababu FDI huyapa namba kuanzia 51 hadi 85 na Wamarekani huyapa herufi, hivyo kosa litajionyesha lenyewe. Namba kama 18 au 26 ipo katika hesabu zote mbili. Ikiingia kimakosa, mfumo utaipokea bila kulalamika, na chati itaonyesha jino zima kuwa limeng'olewa na bovu kuwa zima.

Data ikipitishwa kwenye Excel, na karibu kila mara hupitishwa huko, hukumbana na matatizo mawili. Namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri yake, na ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa miadi haufiki. Tarehe nazo hugeuka: 03/04/1985, ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili, husomwa Machi 4 kwenye kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani. Mwambie fundi aihifadhi safu ya simu kama maandishi, na aandike tarehe kwa kuanza na mwaka. Usikubali pia wagonjwa waunganishwe kwa kigezo cha namba ya simu peke yake. Katika familia nyingi simu ya mama ndiyo imeandikwa kwa watoto wote, na mfumo unaweza kuwafanya watoto watatu kuwa mgonjwa mmoja. Kwa upande mwingine, Mohamed na Muhammed wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili.

Picha za eksirei mara nyingi hukaa kwenye programu nyingine kabisa, ile iliyokuja na mashine, na huunganishwa na faili kwa namba ya mgonjwa. Namba zikibadilika, picha hubaki bila mwenyewe, au hufunguka kwenye faili la mtu mwingine. Dai namba ya zamani ihifadhiwe ndani ya mfumo mpya kando ya ile mpya.

Kabla ya kukubali chochote, fanya jaribio kwa wagonjwa wagumu: mtoto mwenye meno ya utoto na ya ukubwani kwa pamoja, mwenye mzio, wawili wenye jina moja, mwenye deni, mwenye madai ya bima ambayo hayajalipwa, aliye katikati ya matibabu ya mzizi wa jino, aliyefungwa nyaya. Fungua mifumo yote miwili, kompyuta mbili kando kwa kando, na daktari alinganishe jino kwa jino. Daktari ndiye aseme sawa. Fundi hawezi kujua kwamba gego lililozibwa limehamia upande mwingine.

Siku ya kuhama iwe moja. Wako wanaoshauri mifumo miwili itumike sambamba kwa muda. Kwa upande wa miadi sikubaliani nao, maana watu wawili watapewa saa moja na kiti kimoja. Mfumo wa zamani ubaki wa kusoma tu, isipokuwa kwa jambo moja. Madai ya bima na madeni yaliyokwisha kuanza yamaliziwe huko, na salio pekee lihamishwe. Epuka mwisho wa mwezi, wakati madai ya bima yanaandaliwa, na likizo za shule, wazazi wanapoleta watoto. Punguza miadi ya wiki ya kwanza. Mhudumu wa mapokezi apewe muda wa kufanya mazoezi akiwa hana mgonjwa mbele yake, na awepo tangu siku ya kuchagua mfumo, kwani yeye ndiye atakayeutumia asubuhi hadi jioni. Kila jioni ichapwe orodha ya miadi ya kesho, ili umeme au intaneti ikikatika kazi iendelee.

Kuhusu mkataba, tafuta kifungu kinachosema taarifa ni mali ya nani, utazipataje zote pamoja na picha siku ukiondoka, kwa muundo gani na kwa gharama gani. Muuzaji akisita kulijibu hilo kwa maandishi, mwache. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini yake. Kliniki inayokusanya taarifa hizo inatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo uliza seva iko nchi gani. Kenya nako kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Orodha ya wagonjwa isitumwe kwa fundi kupitia WhatsApp, wala isibebwe kwenye flashi isiyo na nenosiri.

Kompyuta ya zamani isiuzwe wala kugawiwa hadi uhakikishe nakala rudufu inafunguka kwenye mashine nyingine na diski imefutwa kabisa. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka la kompyuta hakutoshi, kwa kuwa mafaili hayo yanaweza kurudishwa. Mwite fundi aifute kwa programu maalumu, au aitoe diski na kuiharibu mbele yako.