Punda Mwoga na Mwepesi wa Kuumia: Namna ya Kumchagua, Kumtuliza na Kumtunza

Lengo la somo

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mnunuzi na mwenye punda katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kutambua dalili za woga na maumivu kabla ya kulipa fedha zake mnadani, kumzoesha punda mgeni bila fimbo, kumfunga matandiko yasiyomchubua, na kutibu kidonda kidogo kabla hakijawa kikubwa.

Tumechagua jambo hili kwa sababu hasara yake huangukia kaya. Katika uwanda wa Usangu punda huvuta mpunga kutoka majarubani. Huko Isimani hubeba mahindi, kuni na madumu ya maji. Punda akilala na kidonda mwezi wa Juni, wakati wa mavuno, mzigo wake huhamia kwenye kichwa cha mama na mabegani mwa watoto, au kwenye nauli ya kukodi chombo.

1. Woga unatoka wapi

Punda si farasi mdogo. Farasi akishtuka hukimbia. Punda mara nyingi husimama, hukaza miguu na kuitazama hatari kwanza. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini-mashariki mwa Afrika, na huko kukimbia ovyo kwenye mawe kulikuwa njia ya haraka ya kuvunjika mguu. Tabia hiyo ndiyo tunayoiita ukaidi. Anayempiga punda aliyesimama kwa hofu humthibitishia kwamba hatari ipo kweli, na kwamba inatoka kwa mtu.

Macho yake yako pembeni mwa kichwa. Huona sehemu kubwa ya mazingira yake, lakini haoni nyuma kabisa ya mkia wala mbele kabisa ya paji la uso. Mtu anayemjia kutoka nyuma bila sauti hujitafutia teke. Husema wahenga kwamba shukrani ya punda ni mateke. Aghalabu teke hilo ni la mnyama asiyejua nani amemgusa.

Zaidi ya hayo, punda huficha maumivu. Mnyama anayewindwa akionesha udhaifu huchaguliwa na fisi. Kwa hiyo punda mwenye maumivu makali anaweza kuonekana amesinzia tu. Mwenye punda hana budi kujifunza dalili ndogo: masikio yaliyolegea muda wote, kujitenga na wenzake, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kula polepole, au kutetemeka ngozi mara tu matandiko yanapoletwa.

Hapo ndipo fundisho kuu la somo hili lilipo. Kidonda huzaa woga, na woga huzaa kidonda. Punda aliyechubuliwa na kamba hushtuka akiiona kamba, akishtuka hujivuta, akijivuta huchubuka tena mahali pale pale. Fimbo huongeza mzunguko huo. Kinachoukata ni kuondoa maumivu kwanza, kisha kumfundisha kwa subira.

2. Kabla ya kulipa fedha

Usinunue punda aliyefungwa tayari na matandiko mgongoni. Omba yavuliwe yote, kisha fuata hatua hizi bila haraka, hata kama dalali anakuhimiza.

Kwanza, simama mbali kidogo umtazame akiwa peke yake. Je, anakanyaga kwa miguu yote minne? Je, masikio yake yanafuata sauti?

Pili, mkaribie kutoka upande wa bega, ukisema naye kwa sauti ya chini. Pitisha kiganja shingoni, mabegani, mgongoni, kifuani, chini ya mkia na nyuma ya vifundo vya miguu. Nywele nyeupe katika sehemu hizi kwa kawaida ni alama ya vidonda vya zamani. Kovu si kasoro ya kumkataa punda. Hukuonesha mahali atakapoogopa kuguswa, na mahali ambapo matandiko yako hayapaswi kukaza.

Tatu, tazama meno ya mbele. Meno ya utoto hubadilika kwa jozi: jozi ya katikati kwenye umri wa miaka 2 na nusu hivi, jozi inayofuata miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu. Punda ambaye meno yake ya pembeni bado ni ya utoto ni mchanga. Asibebeshwe mizigo mizito, hata kama umbo lake ni kubwa. Punda wengi wenye migongo iliyoharibika walianzishwa kazi mapema mno.

Nne, mwombe muuzaji amtembeze, amgeuze kulia na kushoto, na kuinua kila mguu. Kwato ziwe na umbo sawa, bila nyufa wala harufu mbaya.

Tano, uliza maswali matatu: alifanya kazi gani, aliishi na nani, na anaogopa nini. Muuzaji mwaminifu atakuambia kwamba punda huyu haogopi ng'ombe ila huogopa malori. Punda hushikamana sana na mwenzake, na akitenganishwa naye ghafla anaweza kukataa chakula. Ikiwezekana, nunua wawili waliozoeana.

Mwisho, chukua stakabadhi ya mnada, andikeni makubaliano mbele ya mashahidi mkitaja kasoro zilizooneshwa, na upate kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo. Karatasi hizi ndizo sauti yako ukigundua baadaye kwamba ulifichwa jambo.

3. Siku za kwanza nyumbani

Punda mgeni asipewe kazi siku ya kwanza. Mpe siku kadhaa za kupumzika mahali penye kivuli, maji safi na nyasi kavu, karibu na mnyama mwenzake. Manyoya ya punda hayazuii maji ya mvua vizuri. Kwa hiyo katika vilima vya Uporoto na sehemu nyingine za baridi na mvua nyingi, anahitaji paa na sakafu isiyo na tope. Ondoa waya, misumari na vipande vya bati zizini. Punda mwoga hujiumiza zaidi usiku, mbwa wanapobweka au fisi anapopita.

Baada ya hapo, anza mafunzo mafupi ya robo saa, asubuhi na jioni, kwa mpangilio huu:

(a) Simama karibu na bega lake bila kumshika. Akitulia, ondoka. Hatua hiyo humfundisha kwamba utulivu ndio unaomletea nafuu.

(b) Mguse begani kwa kiganja, si kwa ncha za vidole. Ongeza eneo kidogo kidogo kila siku. Ukifika mahali anapotetemeka, rudi nyuma hatua moja, usilazimishe.

(c) Mwoneshe hatamu na kamba, aninuse, kisha mvalishe na kumvua mara kadhaa bila kumpeleka popote.

(d) Mvute kwa kamba iliyolegea. Akisimama, nawe simama. Subiri mpaka masikio yageuke na kichwa kishuke, kisha mwombe hatua moja. Akiitoa, legeza kamba papo hapo.

(e) Mzoeshe sauti kwa mbali. Kwa walio karibu na barabara kuu ya Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala na Mbeya, jambo hili ni la lazima. Msimamishe mbali na barabara, pamoja na punda mzoefu, malori yakipita. Sogeza mita chache kila siku anapokuwa ametulia.

Mtu mmoja na awe mwalimu wake mwanzoni. Watoto wafundishwe mapema kwamba punda huyu hakimbizwi, hapandwi wawili wawili, wala hafungwi mguu kwa kamba nyembamba. Kazi hii yaweza kuchukua majuma kadhaa. Ni muda mrefu, lakini ni mfupi kuliko muda wa kuponya bega lililooza.

4. Matandiko na mzigo

Vidonda vingi vya punda wa kazi hutokana na matandiko. Kosa la kwanza ni kumfunga punda nira ya maksai. Ng'ombe ana nundu na shingo nene ya kusukumia nira, punda hana. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani. Kwa hiyo mkokoteni au jembe livutwe kwa mkanda mpana na laini wa kifuani, usiobana koo wala kuzuia ncha za mabega kusogea.

Katika nchi yetu ya milima, mkokoteni unahitaji pia mkanda wa nyuma unaozunguka mapaja, ili punda auzuie kwa makalio yake anaposhuka. Bila mkanda huo, mkokoteni humgonga miguu kwenye kila mteremko, naye hujifunza kuukimbia mzigo wake mwenyewe.

Shogi la mizigo likae juu ya tandiko nene la blanketi kuukuu au gunia lililojazwa nyasi, lililoshonwa mito miwili ili uti wa mgongo ubaki huru katikati. Usitumie mpira wa tairi, waya wala kamba ya nailoni moja kwa moja juu ya ngozi; zungushia kitambaa cha pamba. Vua matandiko kila wakati wa kupumzika, yakaushe juani na kung'uta mchanga.

Kipimo tunachokipendekeza ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi thuluthi ya uzito wa punda. Punda mwenye kilo 150 abebe kilo 50 tu. Hiyo ni sawa na madumu mawili ya maji ya lita 20, moja kila upande, na akiba kidogo ibaki. Madumu manne ni kilo 80: yamezidi. Gunia la lumbesa, ambalo hata mnunuzi wa mazao hutakiwa kulikataa, halina nafasi kabisa mgongoni mwa punda. Punda mwembamba au mwenye kidonda asibebe chochote. Methali isemayo punda afe mzigo ufike haifai kuwa kanuni ya kaya: punda akifa leo, mzigo wa kesho haufiki.

5. Kidonda kinapotokea

Mwondolee kazi mara moja. Chemsha maji, yaache yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, kisha osha kidonda taratibu kutoka katikati kuelekea nje. Ondoa uchafu unaoonekana. Mzuie nzi kwa usafi wa zizi na dawa atakayoelekeza mtaalamu. Usipake oili chafu ya gari, maji ya betri, majivu ya moto wala samadi. Vitu hivi huunguza nyama hai au huingiza vijidudu, na humfundisha punda kuogopa mkono wa matibabu.

Jihadhari hasa na tundu dogo lenye kina, kama la msumari au mwiba. Lugha yetu imeuita ugonjwa wa pepopunda kwa jina la mnyama huyu, na kwa kweli punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nao kwa urahisi zaidi. Ukakamavu wa taya, masikio na mkia ni dalili ya kuchelewa. Ulizia chanjo kwa daktari wa mifugo mapema, hasa kwa punda anayeumia mara kwa mara.

Mwite mtaalamu siku hiyo hiyo ukiona kidonda kinachotoa damu bila kukoma, mguu usiokanyagika, au punda aliyeacha kula. Punda anayekaa bila kula anaweza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa wingi hadi yakaharibu ini. Usisubiri kuona kesho itakuwaje. Na ikiwa mnyama mpole amegeuka mkali ghafla, anatokwa na mate mengi au anashindwa kumeza, usimtie mkono kinywani. Yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mtenge, zuia watu, toa taarifa. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye jeraha aoshe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa.

6. Sheria na soko la ngozi

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 humtaka mwenye mnyama amlinde dhidi ya mateso yasiyo ya lazima. Kumfanyisha kazi punda mwenye jeraha si jambo la siri ya familia.

Mwenye punda mwoga au majeruhi hujiwa pia na wanunuzi wa ngozi. Ijulikane kwamba mwishoni mwa mwaka 2022 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara hiyo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki katazo kama hilo kwa bara zima. Punda hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Anayeuzwa kwa hasira ya siku moja huchukua miaka kupatiwa mrithi.

Maswali ya kujadili

1. Je, punda wako huogopa mahali gani mwilini, na mahali hapo pana kovu?
2. Pima mzigo wa jana kwa kilo. Je, ulizidi thuluthi ya uzito wake?
3. Nani katika kaya yenu humkaribia punda kutoka nyuma?
4. Kijijini kwenu, ni nani mwenye punda mtulivu anayeweza kumsindikiza wako barabarani kwa juma moja?