Mbwa Anayeogopa Gari: Jinsi ya Kumzoesha Safari Bila Kumburuta

Leo safu yetu ya afya inaacha kidogo habari za presha na sukari, tuzungumzie mgonjwa wa aina nyingine, mbwa anayetetemeka kila akiona gari. Usicheke, kwani hapa Uingereza jambo hili linasumbua nyumba nyingi za watu wetu.

Huko nyumbani mbwa wengi tuliowajua walikuwa walinzi wa usiku, na huenda hawakupanda gari hata siku moja. Hapa watoto wataomba mbwa mpaka utachoka na kukubali, na akishaingia ndani lazima apelekwe chanjo, apelekwe kutembezwa, na mkisafiri aende nanyi au apelekwe kwa wa kumtunza. Yote hayo ni gari.

Kwetu sisi ni Simba. Jina kubwa, lakini ukifungua mlango wa gari anajikunyata kama paka aliyemwagiwa maji. Siku moja tulichelewa miadi ya daktari wa mifugo, nikamwambia kijana wangu amvute tu. Akavuta, mbwa akarudi nyuma kwa nguvu, kichwa kikachomoka kwenye mkanda wa shingoni, akakimbilia barabarani. Gari lililokuwa linakuja lilifunga breki likasimama karibu kumgusa. Hakuumia, lakini mimi mikono ilitetemeka hadi jioni, na kosa lilikuwa langu. Baada ya hapo hata ufunguo wa gari ukilia, mbio chini ya meza.

Kwanza ujue mbwa wako anasumbuliwa na nini, kichefuchefu au hofu, kwa sababu tiba zake si moja. Watoto wa mbwa wengi huchafukwa na tumbo kwenye gari kwa kuwa sehemu ya sikio la ndani inayoshika mizani ya mwili bado haijakomaa, na wengi huachana na tatizo hilo wakikua. Huyu utamwona ametulia wakati wa kupanda, kisha gari likianza kupinda kona anatoa udenda, analamba midomo, anapiga miayo, halafu anatapika. Mwenye hofu huanza mapema, gari bado limezimwa: mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, anahema na hali hakuna joto. Tatizo ni kwamba la kwanza huzaa la pili. Aliyetapika mara tatu anajifunza kuwa gari ni ugonjwa, na hata sikio likishakomaa hofu inabaki. Na kama kila safari inaishia kwenye sindano, ungekuwa wewe ungepanda?

Basi dawa kubwa ni kuanza upya, polepole, kama vile gari ni kitu kipya kabisa. Katika siku hizo, kama unaweza, usimpeleke popote kwa gari.

Sisi tulianza na gari limesimama mbele ya nyumba, injini imezimwa, milango ya pande zote mbili iko wazi ili asijione amenaswa. Unamtembeza karibu nalo na vipande vidogo vya kuku wa kuchemsha mfukoni, visivyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa). Akisogea mwenyewe, mpe kipande. Akikataa kusogea, usimvute, rudi nyuma hatua mbili na umpe pale anapojisikia salama. Dakika tano zinatosha, kisha mrudi ndani. Siku nyingine atatia miguu ya mbele, siku nyingine ataingia mzima. Simba alikaa siku nne bila kuvuka mlango, mke wangu akasema tunapoteza kuku bure. Siku ya tano akaruka mwenyewe.

Akishaingia kwa hiari, mwekee blanketi analolalia nyumbani, maana harufu yake inamtuliza. Mpe chakula chake humo humo, mlango wazi. Kisha funga mlango sekunde chache na kufungua. Kisha washa injini bila kuondoka, na hapa wengi hukosea kwa haraka: sauti ya injini peke yake ni somo la siku kadhaa. Halafu nenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, halafu zunguka mitaa miwili, halafu mpeleke mahali anapopapenda, bustani ya karibu kwa mfano. Ukiona dalili za hofu zimerudi, umekwenda mbio, rudi hatua moja. Kwetu ilichukua karibu wiki sita, na nasikia wengine huchukua miezi. Kumgombeza kunaharibu kazi yote. Kumbembeleza hakumharibu mbwa, ila sema naye kwa sauti yako ya kawaida.

Kama tatizo ni tumbo, usimlishe mlo mkubwa masaa mawili au matatu kabla ya safari, endesha taratibu kwenye kona, na fungua dirisha kidogo hewa ipite. Ikiendelea, mwone daktari wa mifugo. Ipo dawa iitwayo maropitant ambayo huandikwa kwa kazi hii na hutolewa angalau saa moja kabla ya kuondoka. Hiyo inazuia kutapika, haiondoi woga. Kwa woga mkubwa daktari anazo dawa nyingine. Lakini nakuomba sana, usichukue kidonge kwenye kabati lako ukakata nusu. Ibuprofen na paracetamol zinaweza kumuua mbwa.

Kuhusu sheria za barabara, kanuni ya 57 ya Highway Code inataka mbwa afungwe vizuri garini, asimsumbue dereva wala asirushwe gari likifunga breki. Unaweza kutumia mkanda wa kifuani uliounganishwa na mkanda wa kiti, au kizimba. Usiunge kamba kwenye mkanda wa shingoni, breki moja itamvunja shingo. Wale wanaojali mate ya mbwa kwenye viti kwa ajili ya swala, kizimba chenye shuka la kufuliwa kitawafaa, kikiwekwa nyuma kwenye gari ambalo buti lake limeungana na sehemu ya abiria na hewa inapita. Kizimba nacho anazoeshwa kwanza ndani ya nyumba.

Safari ndefu, simama mara kwa mara anywe maji na ajisaidie, na mfunge kamba kabla hujafungua mlango, si baada. Wala usimwache garini peke yake hata kama unaingia dukani kununua maziwa tu. Nje kukiwa na nyuzijoto 22, siku ambayo sisi wa Dar au Mombasa tunaiita baridi, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika 47 ndani ya saa moja.

Simba sasa anapanda mwenyewe. Kwa daktari bado anatetemeka akifika mlangoni, ila hapo siwezi kumlaumu, hata mimi kwa daktari wa meno ni hivyo hivyo.