Kitatange Mdogo Nyumbani: Maswali ya Wafugaji

Mpiga mbizi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki huweza kumwona kwenye vifusi vya matumbawe: samaki wa buluu iliyokolea, uso na mgongo rangi ya chungwa, anachungulia na kutoweka. Wataalamu humwita Centropyge acanthops, mmoja wa vitatange wadogo. Hukua hadi sentimita 8 hivi, na udogo huo ndio unaowaponza wanaomfuga.

Tangi la ukubwa gani linamfaa?

Lita 200 au zaidi. Huyu hatulii, mchana kutwa huzunguka mawe akidonoa mwani. Panga mawe yaache mapango ya kujificha, kwani akikosa maficho hula kwa wasiwasi au hususa kabisa chakula.

Maji yangu ni maangavu. Mbona alikufa wiki ya kwanza?

Uangavu si usafi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na mchanga huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo kali sana. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi katika tangi jipya. Kabla ya kutia samaki, vipimo vya amonia na nitriti visome 0.

Kwa kitatange hata hapo bado mapema. Subiri miezi kadhaa, mawe yaote utando wa mwani wa kumlisha kati ya mlo na mlo. Kwa maoni yangu, kuliko ugonjwa wowote, haraka ya mnunuzi ndiyo inayowaua wengi.

Naishi karibu na bahari. Nichote maji huko?

Unaweza, mradi uchote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mabomba ya maji taka, na usichote baada ya mvua kubwa. Weka joto kati ya nyuzi 24 na 27, na hidromita isome 1.023 hadi 1.025.

Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji baridi (yasiyo chumvi, si ya friji!) ambayo yameondolewa klorini. Maji hupaa, chumvi hubaki. Ukijazia ya bahari kila mara, tangi litazidi kuwa kali.

Anakula nini?

Mwani kwanza: karatasi za mwani mkavu usiokolezwa viungo, na chakula chenye spirulina. Ongezea uduvi wa kugandishwa. Mpe kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Kama unafuga matumbawe, jua kwamba baadhi ya vitatange hawa huyadonoa, hata wakishiba.

Naweza kuweka wawili?

Vitatange hawa huanza maisha wakiwa majike. Aliye mkubwa ndiye hugeuka dume. Chagua mmoja mkubwa na mwingine mdogo, uwatie pamoja, baada ya samaki wengine wote. Akitangulia, hujiona mwenye nyumba.

Ameota vidoa vyeupe kama chembe za chumvi.

Huenda ni vimelea vya Cryptocaryon. Mhamishie kwenye tangi la matibabu. Usitie dawa ya shaba katika tangi kuu: huua kamba na matumbawe, na vitatange wenyewe hawaihimili vizuri, kwa hiyo pima kipimo chake kila siku. Tangi kuu likae bila samaki yeyote angalau wiki 6, ili vimelea vikose pa kujishikiza. Afadhali kila samaki mgeni umtenge wiki 4 kabla hajaingia.

Nimeshindwa kumtunza. Nimrudishe baharini?

Hapana, hata kama alivuliwa hapa hapa pwani. Akiwa amekaa na samaki wa bahari nyingine, anaweza kupeleka maradhi ambayo miamba yetu haijawahi kuyaona. Mpe mfugaji mwenzako, au mwombe muuzaji ampokee.