Dondoo muhimu: Toleo jipya la DHIS2 linapokaribia

Kwa wanaojaza ripoti katika zoni za afya za Makiso-Kisangani, Mangobo, Lubunga hadi Isangi.

DHIS2, mfumo wa taarifa za afya, hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Zamani matoleo yalitoka mara mbili kwa mwaka. Sasa hutoka moja kwa mwaka: la 40 mwaka 2023, la 41 mwaka 2024, la 42 mwaka 2025. Yanayohudumiwa ni matatu ya karibuni tu, basi hesabuni kutoka hapo. Tarehe inayotangazwa ichukulieni kuwa makadirio, maana husogea.

Msihamie toleo jipya siku linapotoka. Subirini marekebisho ya kwanza, na epukeni kabisa siku za kuingiza ripoti za mwezi.

Tableti ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Muuguzi akirudi kutoka kituo cha mtoni kisicho na mtandao, data zake zimo ndani ya kifaa kile tu. Programu ikifutwa kabla hajazituma, zimepotea, na pamoja nazo kumbukumbu za watoto waliochanjwa. Tumeni kila kitu kwanza. Zimeni pia usasishaji wa kiotomatiki, ili programu ya tableti isiitangulie seva.

Msimamizi wa seva: hifadhi nakala ya hifadhidata na ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine, kwani ukishapanda toleo hakuna kushuka ila kwa nakala hiyo. Soma pia mahitaji mapya; toleo la 41, kwa mfano, lilidai Java 17.